Simba kalala tu, chui hajaonekana: turudi tena zuu?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Jumapili iliyopita nilimpeleka binti yangu wa miaka 5 kwenye zuu ndogo iliyo ndani ya bustani ya umma, wiki nzima namuahidi ataona simba akinguruma. Tumefika saa saba mchana simba kalala chali hata sikio hatikisi, chui ndo hatujamuona kabisa, afu kuna tumbili tulimchekea akatutolea meno akarukia wavu, mtoto akalia mpaka nyumbani. Lisaa limoja tushamaliza kuzunguka kote. Hivi inafaa kurudi au nitafute pengine?
Mama Binti

JIBU: Pole mama, ila simba tusimuonee. Hata huko porini anaweza kulala na kujipumzisha mpaka masaa 20 kwa siku, na saa saba ya jua kali ndo usingizi wenyewe, kwahiyo ulimuahidi mtoto kitu ambacho simba hakushirikishwa. Nendeni asubuhi geti likifunguliwa tu, na muulize mhudumu wanakula saa ngapi, wahudumu wa sehemu ndogo wakipata mtoto anayeuliza maswali wanasimulia mpaka unachoka wewe mzazi.

Tumbili sasa, hapo nyie ndo mlianza 😄 Sisi kucheka meno nje ni furaha, lakini kwa tumbili wengi ukimkazia macho huku umetoa meno unamtafuta ugomvi, na yeye kawajibu. Siku ingine binti asimame pembeni, mdomo kaufunga, amuangalie kwa kuibia ibia. Na vioo msigonge jamani, yaani mtu akugongee dirisha la chumbani kutwa nzima!

Kuhusu udogo wala usiwaze. Zuu ya Lincoln Park kule Chicago ilianza mwaka 1868 na batamaji wanne tu, zawadi kutoka bustani ya Central Park ya New York, na mpaka leo kuingia ni bure. Uzuri wa padogo ni kwamba hamna haja ya kukimbizana, mnachagua mnyama mmoja mnakaa naye nusu saa. Kama wapo, mimi ningechagua heroe. Mwambie binti aangalie wanavyokula, kichwa wanakipindua juu chini ndani ya maji afu wanachuja kwa mdomo, na ile pinki yao inatoka kwenye chakula, vifaranga wao ni wa kijivu. Mpe kazi atafute nani kakolea kuliko wenzie, hapo hutasikia "mama twende".

Kitu ambacho kingenifanya mimi nisirudi ni kingine: mnyama anayetembea palepale, kona ileile, anageuka, anarudi, mpaka nyasi zimekufa kabaki na kanjia kake. Ikiwa muda wa msosi umekaribia sawa, labda anasubiri, ila kama ni kutwa nzima huyo kabanwa na kachoka na maisha. Kwahiyo angalia kama wana kivuli, kitu cha kupanda, na pa kujificha watu wakizidi.

Ndo maana huyo chui wenu mimi amenifurahisha, maana yake anapo pa kujificha na anapatumia. Mkirudi msimtafute chini, angalieni juu kwenye matawi, mara nyingi ni mkia unaoning'inia ndo unamchongea.