Ganzi ya mgongo kwa altrasaundi: maswali yenu

Vidole vyangu vinatosha kutafuta pa kuchoma. Altrasaundi itaniongezea nini?

Itakuonyesha uko pingili ya ngapi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, madaktari wa usingizi waliopapasa walitaja nafasi sahihi kati ya pingili kwa asilimia 29 tu, na waliokosea wengi walikuwa juu kuliko walivyodhani. Ugwe mgongo wa mtu mzima kwa kawaida huishia L1 au L2 (pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno), na kwa wengine hushuka zaidi. Kosa la kwenda juu ndilo linalolemaza, kwa sababu sindano inaweza kuufikia ugwe.

Nianze wapi kupima?

Watu bado wanaanzia katikati ya kiuno! Anza kwenye sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno. Chukua proba (kifaa cha altrasaundi kinachowekwa kwenye ngozi) iliyopinda, ya megahezi 2 hadi 5, kina sentimita 8 hivi. Iweke kwa urefu wa mgongo, sentimita 2 au 3 kando ya mstari wa kati, ukiiinamisha kidogo kuelekea kati. Sakramu ni mstari mweupe usiokatika. Panda kuelekea kichwani: unapokatika, pengo la kwanza ni L5/S1, kati ya pingili ya mwisho ya kiuno na sakramu. Kuanzia hapo mifupa inafuatana kama meno ya msumeno. Hesabu kwa sauti, tia alama kila pengo.

Sasa geuza proba iwe ya kukingama, katikati ya mgongo. Kivuli cheusi kirefu maana yake uko juu ya mwiba wa pingili. Sogea kidogo kidogo mpaka itokee mistari miwili myeupe sambamba. Ule wa karibu ni ligamenti ya njano (kano inayounganisha pingili kwa nyuma) na dura, utando unaozunguka ugwe na maji yake. Wa mbali ni ukuta wa mbele wa mfereji wa uti wa mgongo. Huu wa mbali wengi hawaujali, ilhali ndio unaothibitisha kwamba mawimbi yamepenya, na sindano nayo itapata njia. Kumbuka mwinamo wa proba wakati huo: sindano iufuate.

Mashine ilisema dura iko kina cha sentimita 5, maji ya uti wa mgongo yakatoka kwenye 6. Mbovu?

Siyo mbovu. Uliikandamiza proba, nyama ikabonyea. Legeza mkono kabla ya kupima.

Nichome huku naangalia skrini?

Bado. Pima, tia alama, weka proba chini.

Jeli ya altrasaundi ina shida?

Ifute yote kwa gozi kavu kabla ya kusafisha ngozi. Haina kazi karibu na dura. Klorheksidini nayo iache ikauke kabisa, na bakuli lake lisikae kwenye trei ya sindano, maana ni sumu kwa neva. Wala usichome juu ya wino wa alama.

Kozi ya siku moja inatosha?

Haitoshi. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2010 uliona hata mazoezi 20 yenye usimamizi ni machache. Pimaneni ninyi kwa ninyi, bila sindano, migongo myembamba kisha minene, na mkufunzi ahesabu upya kila pingili. Msiache kupapasa.

Mgonjwa akijinyoosha baada ya alama, nipime tena?

Ndiyo. Ngozi imeshahama juu ya mfupa. Rudi kwenye sakramu.