Maswali ya jikoni: hesabu mkaa kabla hujasema umeokoa pesa

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu sosi. Bei za dukani zimewachosha watu, na kila mmoja anataka kujaza chupa zake nyumbani. Nafurahi. Ila wale wanaouliza "nifanyeje sosi" bila kusema ni sosi gani na wana nini jikoni, waandike upya.

Mama, tomato sosi imepanda bei. Nikipika mwenyewe nitaokoa? (Jinja)

Inategemea nyanya umezinunua lini. Nyanya ni maji kwa karibu asilimia 95, na sosi nzito haipatikani mpaka maji hayo yaishie motoni. Kilo 3 na nusu za nyanya zilizoiva hutoa kama lita 1, ukitia kikombe cha siki, nusu kikombe cha sukari, kitunguu na chumvi. Chukua kalamu uandike hivyo vyote, kisha ongeza mkaa wa saa kadhaa. Mkaa ndio unaosahaulika kila mara. Tangu amri ya Rais ya Mei 2023 ilipopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda, sielewi mtu anayepika kutwa nzima halafu anasema sosi imemgharimu nyanya tu.

Nyanya zikijaa sokoni, na wauzaji wa Kalerwe wanakubembeleza jioni uchukue sanduku zima kabla hazijaharibika, hapo pika, utaokoa. Zikiadimika hadi unanunua fungu la nyanya nne, nenda dukani ukanunue chupa. Na usiwashe sigiri kwa ajili ya sosi peke yake. Maharage yakishaiva, injika sosi kwenye makaa yaliyobaki na ukae karibu na mwiko wako. Ikianza kurusha matone mazito kama uji, koroga mpaka chini bila kuchoka, maana sukari ndiyo inayoungua kwanza. Ikishaungua, ladha ile haitoki hata utie nini.

Nyanya za sokoni huwa na unga mweupe. Si moto utaumaliza? (Mukono)

Hapana, na tafadhali mwambie na jirani yako. Unga ule mara nyingi ni dawa ya ukungu, na wakulima wengine huipiga hadi siku ya kuvuna. Inayotumika sana ni mankozebu, ambayo ikipata moto hugeuka kuwa kemikali nyingine yenye madhara zaidi. Kwa hiyo dawa iondoke kabla ya sufuria: sugua kila nyanya kwa mkono kwenye maji, badilisha maji, rudia. Kisha zichovye kwenye maji yanayochemka, zimenye, utupe maganda. Ukipunguza kilo tatu na nusu za nyanya chafu hadi lita moja, uchafu nao unaukusanya kwenye chupa hiyo hiyo. Nasikitika kwamba mashambani tunafundishwa kununua dawa, lakini siku za kusubiri baada ya kupiga hazisemwi.

Sina friji. Sosi itakaa muda gani? (Kabale, na wengine wengi mno)

Swali hili nimelijibu mara nyingi, kwa hiyo safari hii kata ukurasa uubandike ukutani. Bila friji, na bila kuifunga kitaalamu, pika ya kula leo na kesho. Basi.

Ukitaka kuihifadhi, unahitaji chupa za kioo za mdomo mpana, vifuniko vipya vyenye mpira ndani, na siki ambayo lebo yake inasema asidi asilimia 5. Siki ya chupa isiyo na lebo kaoshee sinki. Mimina sosi ikiwa moto, funga, kisha zamisha chupa zote kwenye maji yanayochemka. Mapishi ya ng'ambo yatakuambia dakika 15. Hayo ni ya watu wa pwani. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na maji yetu huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hapa ni dakika 20. Wewe wa Kabale, uliye karibu mita 2,000, weka 25. Kifuniko kikibonyea na kurudi baada ya chupa kupoa, hakikushika. Chupa hiyo iliwe leo na kesho. Na chupa za plastiki za maji ya kunywa, jamani, hazikuumbwa kubeba kitu cha moto.

Nimesaga kitunguu saumu kibichi nikakichanganya na mafuta, nimeweka kabatini. Ni sawa? (Busia)

Mwaga leo. Ndani ya mafuta hewa haifiki, asidi hamna, na humo ndimo vijidudu vya botulizimu hupenda kukaa. Sumu yao haina harufu wala rangi, na hupooza misuli hata ile ya kupumulia. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, imalize ndani ya siku 4.

Naweza kutia unga wa mahindi laini sosi iwe nzito haraka? (Entebbe)

Ya kula leo, ndiyo. Ya kuhifadhi, hapana. Wanga huzuia moto kufika katikati ya chupa.

Nauza chipsi. Nijitengenezee mayonezi nipunguze gharama? (Mbale)

Usifanye hivyo, kaka. Mayai mabichi, jua, na wateja wanaosukumana kwenye kibanda kisicho na friji: utawalaza watu hospitali. Wape pilipili iliyochemshwa na siki, kipimo kwa kipimo, chumvi na kitunguu saumu ndani. Ni nafuu zaidi, na mtu aliyeizoea hurudi.

Karanga za kusaga za supamaketi ni ghali. Za sokoni zinafaa? (Bombo)

Hili ndilo swali nililolingojea, maana pesa ziko hapa. Tunahangaika kuiga chupa za nyanya wakati sosi zetu wenyewe, ya karanga na ya simsim (ufuta), ndizo zinazomshinda mwenye duka kwa bei na kwa lishe.

Lakini usinunue zilizokwisha kusagwa. Huwezi kujua kilichochanganywa humo, na huwezi kuuona ukungu. Nunua karanga nyekundu nzima, uzimwage kwenye ungo mahali penye mwanga, uchague moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au iliyotobolewa, tupa, na wala usiwape kuku. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, haimalizwi na mapishi ya kawaida, na inaharibu ini kimya kimya. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini Kenya. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu na ya Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, nasi tukalalamikia biashara. Laiti tungelalamika vile kuhusu mazao yanayoanikwa kwenye udongo mtupu.

Ukishachagua, kaanga kwa moto mdogo mpaka ganda jekundu litoke ukisugua kwa vidole. Peleka kwa mwenye mashine na usimame hapo hapo. Konzi ya kwanza ya karanga zako isafishe mashine, uimwage. Chumvi kidogo inatosha, sukari na mafuta ya nini? Mafuta yake yakipanda juu, koroga. Ukichanganya na simsim iliyokaangwa unapata odii, na ndugu zetu wa Lira na Gulu watakueleza jinsi kijiko kimoja kinavyobadilisha mboga ya majani.

Na soya sosi? (Arua)

Nunua. Ile halisi huchachushwa miezi kadhaa kwa ukungu maalumu.

Sosi yangu ya nyanya ina ladha ya chuma. Kwa nini? (Masaka)

Angalia sufuria. Nyanya, siki na ukwaju hula alumini, na sufuria nzito zinazoyeyushwa kutoka vyuma chakavu zinaweza kuwa na madini ya risasi, yenye sumu, ndani yake. Hizo pikia maji ya kuoga. Kwa sosi tumia ya stili au ya enameli isiyobanduka, mwiko uwe wa mti, na usiache sosi ilale ndani ya sufuria usiku kucha. Iliyokwisha kupata ladha hiyo, usiile.