Picha si kitendawili, hutoi mji

Kwa wageni wa safu hii: mimi ni fundi wa fremu, karakana yangu iko kando ya Ngong Road. Picha za watu hupitia mikononi mwangu kabla ya kufika ukutani, na wenyewe hunisimulia mengi wakingoja gundi ikauke. Haya ni maswali ya mwezi huu.

Fundi, nilimpeleka binti yangu wa miaka sita kwenye maonyesho hapa mjini. Mbele ya mchoro mmoja wa rangi tupu, usio na mtu wala mti, akapaza sauti: "Kiboko!" Kikaratasi cha kando kiliandikwa "Ukombozi". Watu walicheka, nikaona haya. Nani aliona vibaya? – Mama wa Umoja

Waliocheka, mama. Binti alitazama picha, wao walitazama kikaratasi.

Nyoosha mkono utazame ukucha wa kidole gumba. Jicho huona kwa ukali eneo dogo kiasi hicho tu, kwingine kote ni ukungu. Kwa hiyo linarukaruka, mara tatu hivi kwa sekunde, likiokota vipande ambavyo ubongo unavishona. Lirukie wapi? Katika miaka ya 1950 na 1960, mtafiti wa Kisovieti Alfred Yarbus alifuatilia macho ya watu waliotazama mchoro wa Ilya Repin, unaoonyesha mwanamume akiingia ghafla nyumbani kwake baada ya kukaa uhamishoni. Alipouliza watu wa mchoroni wana umri gani, macho yaling'ang'ania nyuso. Alipouliza kama familia ina mali, macho yalihamia kwenye nguo na samani. Picha ni ileile, mtazamaji ni yuleyule, ila swali limebadilika.

Wengi wetu huingia jumba la sanaa kama waliotegewa kitendawili: usipokitegua, toa mji. Hakuna anayekudai mji. Binti yako aliingia na swali lake, "ni mnyama gani huyu?", akapata jibu. Tena, hebu lifikirie hilo neno. Kiboko ni mnyama wa mtoni, na kiboko ni mjeledi, uliopata jina kwa sababu ulikatwa kwenye ngozi ya mnyama huyohuyo. Ukisimama mbele ya mchoro uitwao "Ukombozi" ukiwaza mjeledi, hujapotea hata kidogo. Sisemi mtoto alikusudia hivyo. Nasema ningekuwa mchoraji ningemnunulia soda.

Nimenunua picha ya Yesu mweusi, mama yangu hataki itundikwe sebuleni. Anasema ni dharau. Nimwambie nini? – Kijana wa Githurai

Mwambie Injili zote nne hazisemi Yesu alikuwa na sura gani, hivyo hata yule mwenye nywele ndefu za dhahabu aliye ukutani kwake alitoka kichwani mwa mchoraji fulani. Ukitaka ushahidi wa karibu, mpandishe matatu ya Murang'a. Katika kanisa kuu la Kianglikana la huko, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, Elimo Njau alichora ukutani mwaka 1959 maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi msalabani, Yesu akiwa Mwafrika na nyuma yake vilima vya Ugikuyuni. Ni Njau huyohuyo aliyeshiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965. (Paa ni mnyama, na kupaa ni kwenda juu. Lugha hii haiishi kutuchezea.)

Lakini hata ukishinda kwa hoja, usiishushe picha yake. Ameomba mbele yake miaka mingapi? Yeye haoni rangi ya ngozi pale, anaona usiku aliokesha ukiwa mgonjwa. Tundika yako ukuta wa pili. Fremu zifanane, ugomvi utapungua.

Kiongozi wa kwaya alituambia tufumbe macho tuione bahari. Wenzangu waliona mawimbi, mimi giza tupu. Nina ugonjwa? – Mwimbaji, Kasarani

Huna. Mwaka 1880 Francis Galton wa Uingereza aliwaomba watu wakumbuke meza yao ya kiamshakinywa, akashangaa kuwa baadhi, wakiwemo wanasayansi, hawakuona kitu. Mwaka 2015 daktari wa neva Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo jina, afantasia. Wapo hata wachoraji walio nayo. Wao huijua picha inapotokea kwenye karatasi.

Nisimame mbele ya picha moja kwa muda gani? Naogopa kuonekana mshamba. – Wa Rongai

Utafiti uliochapishwa mwaka 2001, uliofanywa katika jumba la Metropolitan, New York, ulipata wastani wa sekunde 27. Hata chai haichemki. Nenda Nairobi Gallery, kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, lile jengo la mwaka 1913 ambamo zamani vizazi, ndoa na vifo vilisajiliwa. Siku hizi limehifadhi vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais. Chagua vitatu tu, vingine vipite kama unavyopita maduka ya wenyewe. Mshamba ni anayekimbia vyumba vyote.

Fundi, mimi ni Mgiriama. Niliona kigango, nguzo ya kuchongwa ya kumkumbuka marehemu, katika kitabu cha picha, kimemulikwa taa, maelezo yakisifu "maumbo yake ya kisasa". Mbona nilikasirika badala ya kufurahi? – Wa South B

Kwa sababu ulimwona mtu, wao wakaona mti.

Hapa nalazimika kurudi nyuma kwa niliyomwambia mama wa Umoja. Mchoro wa maonyesho umetolewa kwetu tuutazame tupendavyo. Kigango hakikutolewa. Kinachongwa kwa ajili ya mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, aliyefariki, kinasimikwa ardhini, na hakifai kung'olewa, kinaachwa mpaka mvua na mchwa wakimalize. Pembetatu hizo zilizochongwa ni mwili wake na heshima yake. Vingi viliibwa Pwani na kuishia Marekani kwenye nyumba za matajiri na makumbusho. Viwili vilirudishwa mwaka 2007, na vingine vimefuata.

Miaka mingi iliyopita mteja mmoja aliniletea mti mrefu uliochongwa, una kichwa cha mviringo na udongo mkavu chini. Alitaka kitako cha chuma ili usimame sebuleni. Niliusugua ule udongo kwa brashi, nikausifu kuwa umechongwa vizuri, nikatengeneza kitako, nikalipwa. Jina la mti ule nililijifunza baadaye sana, na mteja hakurudi tena.