Piramidi ya watu: pengo lile ni la watu au la kalamu?

Piramidi ya watu ni mchoro wa pau za umri, wadogo chini na wazee juu, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili. Usikimbilie umbo. Tazama kwanza mstari wa chini: namba zile ni maelfu ya watu au asilimia? Ukilinganisha nchi mbili tumia asilimia, na kila upau ugawe kwa watu wote wa nchi. Wengi hugawa wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Hapo Qatar, ambako kwa kila mwanamke kuna wanaume zaidi ya wawili, kwa sababu ya wafanyakazi wa kigeni, utaona pande zake mbili zinakaribia kulingana.

Kisha toa umri kwenye mwaka wa sensa, upate mwaka wa kuzaliwa. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120: kitako kipana, juu pembamba. Ule wembamba watu husingizia vifo. Vifo vimo, lakini kubwa zaidi ni kwamba wenye miaka 60, yaani waliozaliwa 1962, walikuwa wachache tangu mwanzo.

Utamu uko kwenye mapengo. Japani ina la 1966, mwaka wa Farasi wa Moto katika kalenda yao ya jadi. Binti wa mwaka huo ilisemekana atamletea mumewe balaa, basi wazazi wakajizuia. Idadi ya watoto waliozaliwa ikashuka kwa karibu robo, mwaka uliofuata ikapanda tena. Chora kwa makundi ya miaka mitano na pengo hilo linamezwa. Chora mwaka mmoja mmoja, hilo hapo.

Ila mwaka mmoja mmoja una mtego wake. Penye wengi wasio na vyeti vya kuzaliwa, karani huambiwa "andika arobaini tu." Upau wa 40 unachomoza, za 39 na 41 zinabonyea, na wala hapakuwa na janga. Pima kwa kipimo cha Whipple, kinachoonyesha watu wamekimbilia umri unaoishia na 0 au 5 kwa kiasi gani: jumlisha wenye miaka 25, 30, 35 hadi 60, zidisha kwa 5, gawanya kwa wote wa miaka 23 hadi 62, zidisha kwa 100. Karibu na 100 ni safi. 500 maana yake kila umri umeishia na 0 au 5. Ikizidi 125, rudi kwenye makundi ya mitano.

Na upau wa 0–4 ukiwa mfupi kuliko wa 5–9, usitangaze kuwa uzazi umeshuka. Wachanga husahaulika kutajwa. Watafute sensa ya miaka kumi baadaye, kwenye 10–14: wakiwa wengi kuliko mwanzo, na hakuna wahamiaji walioingia, basi walirukwa.