Andika Ulichokiona: Ushauri kwa Anayeanza Maabara ya Fizikia Chuoni

Katika zoezi langu la kwanza la maabara ya fizikia chuoni nilipewa uzi, gololi ya chuma, rula ya mita moja na saa ya kupimia muda, nikaambiwa nitafute mchapuko wa mvutano wa dunia kwa kutumia pendulamu. Nilipima uzi nikapata sentimita 50, nikaibembeza gololi, nikapima muda wa mabembeo 20 kamili, yaani kwenda na kurudi mara 20, nikapata sekunde 28.7. Nilipopiga hesabu jibu lilikuja 9.59, kwa kipimo cha mita kwa sekunde mraba. Kwa kuwa tangu sekondari nilikuwa nimekariri kwamba jibu ni 9.8, nilichukua kifutio nikarudi kwenye jedwali, na ile 28.7 nikaifanya 28.4. Jibu likakaa vizuri, nami nikapeleka kazi yangu nikiwa na amani kabisa.

Mkufunzi wa maabara hakunigombeza. Aliishika gololi mkononi, akaniuliza uzi nilikuwa nimeupima kutoka wapi hadi wapi. Nilikuwa nimeupima hadi pale fundo lilipogusana na gololi, ilhali urefu wa pendulamu huhesabiwa hadi katikati ya gololi yenyewe. Gololi ile ilikuwa na kipenyo cha sentimita 2, kwa hiyo nilikuwa nimeiacha nje sentimita moja nzima, na sentimita hiyo moja katika 51 ndiyo iliyoishusha 9.78 ikawa 9.59. Namba niliyoifuta ilikuwa namba ya kweli, nayo ilikuwa ikinionyesha mahali nilipokosea, lakini mimi niliinyamazisha kabla haijamaliza kusema.

Wanafunzi wenyewe huita jambo hili kupika data, na sidhani kama wengi wanaolifanya ni watu wasio waaminifu. Wengi wetu tulikutana na maabara ya sekondari wiki chache tu kabla ya mtihani wa taifa, tukiwa tumefundishwa kwamba kila zoezi lina jibu lake na kazi ya mwanafunzi ni kulifikia. Chuoni jibu hilo tayari liko kwenye kitabu na hakuna anayelihitaji kutoka kwako. Kinachotafutwa ni namna ulivyopima, kosa lako ni kubwa kiasi gani, na unajuaje kwamba ni kubwa kiasi hicho. Katika kozi niliyosoma, sehemu ya majadiliano ya makosa ilikuwa na alama nyingi kuliko jibu lenyewe, na nilichelewa mno kulitambua hilo.

Isitoshe, hata hiyo namba ninayoikimbilia huenda isiwe yangu. Dunia imebenuka kidogo kwenye ikweta, tena inazunguka, kwa hiyo mvutano unaopimika kwetu, karibu na ikweta, ni mdogo kuliko wa nchi zilizo karibu na ncha. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alisafiri na saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, akakuta inachelewa takriban dakika mbili na nusu kila siku, ikambidi aifupishe pendulamu yake. Kwenye ncha za dunia thamani hiyo ni kama 9.83, na Dar es Salaam, isiyofika nyuzi 7 kusini mwa ikweta, ni kama 9.78. Mwanafunzi wa Dar anayelazimisha namba zake zifike 9.81 anaiacha namba ya nyumbani kwake na kuazima ya Ulaya.

Nitakaa kidogo kwenye zoezi hili la pendulamu, kwa sababu karibu kila kozi ya mwaka wa kwanza inalo na kwa sababu mafunzo yake yanaingia katika mazoezi mengine yote. Kidole cha mtu huchelewa kubonyeza saa kwa kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Pendulamu ya mita moja hutumia sekunde 2 kwa bembeo moja, kwa hiyo ukipima bembeo moja tu kosa lako ni asilimia 10, lakini ukipima 20 kwa mpigo unapata sekunde 40 zenye kosa lilelile la kidole, nalo linashuka hadi nusu ya asilimia moja. Na kwa kuwa muda huo unaingia kwenye kanuni ukiwa umezidishwa kwa wenyewe, kosa lolote ulilo nalo litaongezeka maradufu kwenye jibu la mwisho. Anza kuhesabu kwa sifuri pale unapobonyeza saa, wala si kwa moja; anayeanza na moja huwa amepima mabembeo 19 akidhani ni 20, na jibu lake litapanda hadi karibu 10.8. Bonyeza saa gololi inapopita chini kabisa, ambapo mwendo wake ni mkali na ni rahisi kujua imepita lini, badala ya pembeni ambako inasitasita kabla ya kurudi. Tena usiivute mbali sana, kwani kanuni ya kitabuni ni ya pembe ndogo, na ukiiachia kutoka nyuzi 30 kila bembeo linarefuka kwa karibu asilimia 2.

Halafu usiridhike na urefu mmoja. Pima urefu tano au sita, kisha uchore grafu ya muda wa bembeo moja uliozidishwa kwa wenyewe dhidi ya urefu wa uzi. Hapa ndipo nilipoanza kuipenda fizikia kwa dhati. Kosa langu la sentimita moja lilikuwa lilelile kwa kila urefu, kwa hiyo liliusogeza mstari mzima bila kuubadilisha mteremko wake, na mteremko huo, ambao ni 4π²/g (g ndiyo mchapuko wa mvutano tunaoutafuta), ulinipa jibu ambalo kosa la gololi halikuligusa kabisa. Mstari wenyewe haukupita kwenye sifuri. Nilipouendeleza upande wa kushoto kwa rula, ulikata mhimili wa urefu kwenye hasi sentimita moja, ambayo ndiyo nusu kipenyo ya gololi. Grafu ilikuwa imeipima gololi ambayo mimi nilisahau kuipima. Anayepika data hawezi kuona jambo kama hilo hata siku moja, kwa sababu mstari wake huwa ameshaupitisha pale alipotaka upite.

Kuhusu daftari la maabara nasihi jambo moja kwa mkazo: andika kwa kalamu ya wino, moja kwa moja kwenye daftari, wakati uleule unapopima. Usiandike kwenye karatasi ya pembeni kwa nia ya kuja kunakili vizuri bwenini. Ukikosea, pitisha mstari mmoja ili namba ya zamani iendelee kusomeka, uandike kando yake kwa nini umeikataa. Andika pia mambo yanayoonekana madogo, kama namba iliyobandikwa kwenye kifaa ulichotumia, feni iliyokuwa ikipuliza juu ya meza yako, au kalipa, yaani kifaa cha kupimia kipenyo kwa taya mbili, ambayo taya zake zikifungwa kabisa haisomi sifuri. Siku ya kuandika ripoti utayahitaji, na kumbukumbu ya kichwani itakuwa imeshayapoteza.

Mwongozo wa zoezi usome jana yake, na jedwali lake ulichore ukiwa na nafasi, kwa kuwa saa tatu za maabara huisha upesi sana kwa mtu anayesoma maelekezo huku wenzake wanapima. Mwenzako wa meza mbadilishane kazi. Nimewaona watu wakimaliza muhula mzima wakiwa waandishi tu, na siku ya mtihani wa vitendo hawajui kuisoma mikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo sana.

Mazoezi ya umeme yanataka uangalifu wa namna yake. Ammita, inayopima mkondo, inaingia ndani ya njia ya mkondo, na voltimita, inayopima volti, inawekwa sambamba na kitu kinachopimwa. Ukiiweka ammita sambamba na betri unakata fyuzi ya multimita (kifaa kimoja chenye ammita na voltimita) papo hapo, na kundi litakalokuja baada yako litasoma sifuri bila kujua sababu. Likikutokea, mwambie fundi sanifu wa maabara mara moja. Mafundi hawa wanavijua vifaa kuliko mtu yeyote mle ndani, wanajua springi ipi imeshavutwa ikalegea na saa ipi inakwama, na kwa kawaida watamsaidia kwa moyo anayewauliza kwa heshima.

Kila ninapozungumza na wadogo zangu wanaoanza chuo huwakumbusha habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado wa moto, akakuta umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Hakuaminiwa, lakini hakuyafuta aliyoyaona. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mwanafizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa ametembelea shule. Osborne alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudi na habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wangeendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Mpemba na Osborne walichapisha makala yao pamoja mwaka 1969, na wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Fundi yule simlaumu hata kidogo, maana nilichokifanya mimi na kifutio changu kilikuwa kilekile.

Zoezi la pendulamu nililirudia wiki iliyofuata, nikiwa nimeipima gololi kwa kalipa kabla ya kuifunga kwenye uzi. Nilipata 9.75, kosa likiwa 0.05 juu au chini, yaani kati ya 9.70 na 9.80. Niliandika hivyohivyo kwa wino, na mkufunzi akatia saini chini ya jedwali.