Hisa Si Pande la Chuma

Swali: Ninatafsiri mwongozo wa programu ya kompyuta inayoandaa njia za kikatio kwa mashine za kuchonga chuma. Nimeandika: "Ikiwa kikatio kinaingia ubavuni badala ya juu, kagua kama hisa imepangwa kufuata ekseli ya Z." Mwenzangu anasema niandike mhimili, si ekseli. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi, na hilo halihitaji maneno mengi. Ekseli kwa Kiswahili ni chuma kinachobeba magurudumu ya gari. Mhimili linatokana na kitenzi himili, chenye asili ya Kiarabu na maana ya kubeba, lakini limekwisha kupanuka zamani: wanafunzi husoma kwamba dunia hujizungusha kwenye mhimili wake, na kwamba grafu ina mhimili wa x na wa y. Ila usishawishike kuuita wa Z "mhimili wima". Kwa kanuni ya mashine hizi, Z hufuata spindeli, yaani mtaimbo unaozunguka wa mashine, na upande wake chanya huelekea mbali na kazi inayochongwa. Katika mashine ya kukereza spindeli kwa kawaida imelala, basi Z nayo imelala.

Linaloniudhi ni neno ambalo ninyi wawili mmelipita bila kulitazama: hisa. Hisa, nalo la Kiarabu, ni fungu la mtu katika mali ya shirika. Hununuliwa, huuzwa, huleta gawio. Halifungwi kwenye jiliwa, kile kibanio cha karakana, wala halitoi chenga za chuma. Mtafsiri amefungua kamusi, akakuta stock, neno moja la Kiingereza lenye maana nyingi, mojawapo ikiwa kipande kisichochongwa bado, akachukua maana ya sokoni na kuipeleka karakana, na msomaji ndiye anayelipa gharama ya uvivu huo.

Mtazame fundi anayeusoma mwongozo wako. Modeli yake, yaani umbo lililochorwa kwenye kompyuta, ina urefu wa milimita 98, upana 58 na kimo 18. Kwenye jiliwa amefunga pande la alumini la milimita 100 kwa 60 kwa 20, lakini ndani ya programu ameacha vipimo vya pande vilingane na vya modeli, na nukta sifuri, pale vipimo vyote vinapoanzia, ikakaa juu ya modeli. Anagusisha kikatio juu ya pande halisi, anaweka sifuri hapo, anaiwasha mashine; kikatio kinapapasa uso wote bila kutoa hata chenga moja, kwa sababu ile milimita ya ziada iliyo juu programu haiijui. Anarudi kwenye mwongozo kutafuta dawa, anakutana na agizo hili: "Ongeza hisa kwa milimita 1 kila upande." Hisa gani? Za nani? Lingeandikwa "Pande ghafi lizidi modeli kwa milimita 1 kila upande", angeona kosa lake papo hapo.

Pande ghafi ndilo ninalolitetea. Pande ni kipande kikubwa, nalo ghafi tayari tunalitumia kwa kitu ambacho hakijatengenezwa, kama mafuta ghafi. Malighafi halitoshi, kwa kuwa linataja aina ya kitu, na programu inauliza vipimo vya kipande kimoja kilichofungwa mbele ya fundi. Wapo watakaosema kwamba pande ni wingi wa upande na watu watachanganyikiwa. Upatanisho wa kisarufi unamaliza shaka hiyo, maana pande la chuma limefungwa, ilhali pande za modeli zimechongwa. Fundi anayesema stoki katika mazungumzo simsumbui, kwa sababu wenzake wanamwelewa. Mwongozo ulioandikwa ndio unaopaswa kusimama bila mtu wa kuufafanua.

Sentensi yako ina kasoro nyingine ambayo haikuulizwa. Kikatio kikiingia ubavuni, kwa kawaida aliyekosea si pande bali ni mwelekeo wa mihimili: modeli ilichorwa Y ikitazama juu, na programu ikapokea Z iliyolala. Kwa mashine yenye spindeli iliyosimama, basi, andika hivi: "Ikiwa kikatio kinaingia ubavuni badala ya juu, hakikisha kwamba mhimili wa Z uko sambamba na spindeli na unaelekea juu kutoka kwenye pande ghafi, kisha kagua nukta sifuri."