Kazi mpya mji usioujua, ukae mtaa gani?
Umeuliza uchague vipi mtaa nje kidogo ya mji maana kazi inaanza karibuni na huko hupajui. Kwanza usinunue nyumba wala usisaini mkataba mrefu, panga miezi michache tu, kazini bado uko kwenye majaribio na wanaweza kukuhamishia tawi lingine mkataba ukakubana.

Ila hapa ndo wengi wanapigwa, umbali usiupime kwa kilomita, pima kwa muda. Fungua ramani kwenye simu, weka muda wa kuondoka Jumanne saa 1 asubuhi, alafu angalia na kurudi jioni, maana dalali atakupeleka Jumapili mchana barabara nyeupe unafika dakika 20 unafurahi, kumbe siku ya kazi ni saa nzima na ushee. Na kama mtaa una barabara moja tu ya kutokea mi ningeuruka, ikitokea ajali hapo mbele wote mmefungiwa ndani.

Ukipapenda rudi usiku, simama nje ya geti usikilize, angalia kama taa za barabarani zinawaka na kama watu bado wanatembea kwa miguu. Ongea na mpangaji wa jirani, sio mwenye nyumba, muulize mvua kubwa ikinyesha maji yanapita wapi na intaneti inakatika mara ngapi. Kama una watoto tafuta shule kwanza, nyumba ndo ifuate shule.